Gari Linalojua Kuanguka

Lapa moja lililochoka hutoa magurudumu mawili makubwa na mawili madogo, mradi mkataji asiwe na pupa. Kisigino huwa kimelika upande mmoja, kwa hiyo mtoto mzoefu huanza na sehemu ambayo soli bado ni nene. Huweka kizibo cha soda juu yake, huchora duara kwa ncha ya msumari, kisha hukata taratibu kwa wembe au kwa kisu kilichotoroshwa jikoni. Tundu la katikati hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Baada ya hapo ni waya wa ekseli, na dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavu huwa bodi. Mwisho hufungwa kile kinachotofautisha gari na kopo lenye magurudumu: waya mrefu unaopanda kutoka ekseli ya mbele hadi usawa wa kifua, na juu yake usukani wa duara. Dereva hukimbia nyuma ya gari lake, hupiga honi kwa mdomo, hukata kona.

Hiyo ndiyo rimoti ya kwanza ambayo watoto wengi wa Tanzania wameishika. Haina betri, lakini kila kitu cha msingi kimo: amri inayotoka mkononi, kiungo kinachoisafirisha, gurudumu linaloitii. Na kimo pia kile ambacho watu wazima wenye magari ya rimoti ya bei kubwa hutumia miaka kukigundua. Lapa hubonyea, waya hukunjika kidogo kisha hurudi, na gari likigonga jiwe halivunjiki.

Kihonda, mjini Morogoro, ni mahali pazuri pa kulelewa mtu wa magari madogo, kwa sababu makubwa hayaachi kupita. Pale Msamvu barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika: mkono mmoja huelekea Iringa na mpaka wa Zambia, mwingine hupita Kihonda kwenda Dodoma, na kutoka huko malori husonga hadi Rwanda na Burundi. Mtoto anayekaa kando ya barabara hiyo hahitaji kitabu ili ajue semitrela ina ekseli ngapi, wala kwa nini tela hukata kona kwa ndani kuliko kichwa kinavyokata. Ukiiacha lami ukaingia mitaani, unakutana na uwanja wenyewe wa majaribio. Kiangazi vumbi hufunika kila kitu. Masika, maji huchimba mifereji katikati ya njia na kuacha mawe yamesimama. Upande wa kusini, juu ya yote, imekaa milima ya Uluguru na mawingu yake.

Basi lichukue gari la rimoti la aina ambayo mashabiki huiita monsta traki, lenye matairi makubwa kuliko akili ya kawaida inavyoruhusu, uliweke kwenye mtaa kama huo. Jina na umbo vimetoka Marekani, ambako mwaka 1981 Bob Chandler wa Missouri alipitisha Ford yake, Bigfoot, juu ya magari mabovu na kuyaponda, akazusha burudani nzima. Watengenezaji wa magari madogo hawakukawia. Mwaka 1987 Tamiya ya Japani ilitoa Clod Buster, gari lenye mota mbili, moja kwa kila ekseli, na usukani uliogeuza magurudumu yote manne. Mwaka 1999 Traxxas ya Texas ilitoa T-Maxx, iliyotumia injini ya mafuta na kuweza kurudi nyuma kwa amri ya rimoti. Wazo la kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio ni la zamani kuliko hayo yote: Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ya namna hiyo mwaka 1898, na simulizi zinasema baadhi ya watazamaji walidhani ameficha kiumbe ndani yake.

Dakika kumi za kwanza mtaani ni furaha tupu. Dakika ya kumi na moja gari linakata kona kwa kasi na kulala chali kama mende.

Sababu haifichiki. Monsta limeumbwa kwa ajili ya kupanda, na kinachopanda vizuri hugeuka vibaya. Tumbo liko juu, magurudumu ni mazito, kamani ni laini. Likiingia kwenye kona, uzito wote hukimbilia upande wa nje, shokapu za upande huo hujikunja, za upande wa pili hunyooka, na gari hupinduka kabla tairi halijapata nafasi ya kuteleza. Dereva mpya hulaumu mota kwamba ina nguvu mno. Fundi huangalia betri imelala wapi.

Betri ndicho kitu kizito kuliko vyote ndani ya gari hilo. Ikishushwa sentimita moja tu, gari huwa jingine. Magurudumu nayo yakisogezwa nje kidogo kwa kuongeza upana wa ekseli, kona iliyolipindua jana leo hulitelezesha tu, na kuteleza ni jambo ambalo mkono wa dereva unaweza kulirekebisha. Kisha kuna stabilaiza, kifimbo chembamba cha chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili moja likipanda liburute na mwenzake. Madereva wa daladala wanaijua stabilaiza kwa kelele zake inapokufa. Kwenye gari dogo kazi yake ni ileile, ila unene wake huhesabiwa kwa milimita, na kosa la nusu milimita huonekana. Ikizidi ugumu, gari hukaa wima kwenye kona ya lami lakini hurukaruka kwenye mawe, kwa maana magurudumu hayawezi tena kupanda na kushuka kila moja kivyake. Mtaa wa Kihonda na uwanja wa saruji havitaki stabilaiza moja.

Difu nalo lina mambo yake. Kazi yake ni kuruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani wakati wa kona, lakini lina ubaya mmoja: gurudumu moja likiinuka hewani, nguvu yote hukimbilia huko, na gari husimama huku tairi moja likizunguka bure. Dawa ni kulifungua na kulijaza mafuta ya silikoni mazito, mazito kama asali, ili gia za ndani zizungushane kwa shida kidogo na nguvu fulani ibaki kwa gurudumu lililo chini. Mafuta yakizidi uzito, gari halitaki tena kukata kona. Ni kazi ya kuonja, kama chumvi kwenye mboga.

Mpaka hapa ni utulivu. Uimara ndiko utamu wa ufundi huu uliko, na ndiko wengi hupotea.

Lipo jambo la kushangaza ambalo Galileo alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638 kuhusu uimara wa vitu. Ukikifanya kitu kiwe kikubwa mara 10 kwa kila upande, eneo la mifupa yake linalobeba mzigo huongezeka mara 100, lakini uzito wake huongezeka mara 1,000. Kwa hiyo kikubwa hujilemea. Ligeuze jambo hilo upande wa pili utaelewa kwa nini gari la ukubwa wa moja ya kumi linaweza kuruka kutoka kwenye ukingo wa mita moja, likagusa ardhi kwa kasi ya kilomita 16 hivi kwa saa, likaendelea na safari. Kwa gari halisi kuruka huko ni sawa na kudondoka kutoka mita 10, ambapo lingegusa chini kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, na baada ya hapo kinachoitwa ni mnunuzi wa chuma chakavu. Udogo wenyewe ni nguvu ya bure. Ila dereva huzoea upesi kuitumia yote, kisha huongeza kuruka, kisha huongeza betri, mpaka kitu kinalia "ta!" na gurudumu moja linabaki limeelekea Iringa wakati matatu yanaelekea Dodoma.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Mkono wa plastiki ulioshika gurudumu umevunjika, na kuna mikono ya alumini ya kununua, imechongwa kwa mashine, inang'aa bluu au nyekundu kama vito. Ni nani asiyetaka? Mwenye gari anajifunga mkanda, anainunua, anaifunga. Gari linapendeza hasa. Wiki mbili baadaye linagonga jiwe lilelile, na safari hii mkono hauvunjiki. Umepinda kidogo tu, kiasi cha kuzuia gurudumu kucheza, na kishindo kizima kimepita ndani yake hadi kwenye chesisi, ambayo imepasuka pale skrubu zilipoingia. Kipande cha bei ndogo kimeokolewa, cha bei kubwa kimekufa.

Mkono wa plastiki haukuwa umeshindwa. Ulikuwa kazini. Mtengenezaji aliyeijua kazi yake aliuweka pale kama fyuzi inavyowekwa kwenye nyaya za nyumba: kafara ya kutangulizwa mbele ya hatari. Na si mkono peke yake. Kwenye usukani, kati ya mota ndogo inayogeuza magurudumu na magurudumu yenyewe, kuna kipande chenye springi ambacho gurudumu likigongwa hulegea, kikaacha kishindo kipotee kabla hakijafikia meno madogo ya ndani. Kwenye gia kuu kuna klachi ndogo yenye springi na nati, ambayo gari likitua huku magurudumu yakizunguka kwa nguvu huteleza kidogo badala ya kuyaacha meno yavunjike. Asiyejua huikaza nati hiyo mpaka mwisho kwa kudhani amedhibiti nguvu. Anayejua huikaza, kisha huirudisha nyuma kidogo, hujaribu, husikiliza mlio. Swali lake si namna ya kufanya gari lisivunjike kamwe. Anajiuliza kitu gani kitangulie kuvunjika, kinauzwa kiasi gani, na kitachukua dakika ngapi kukibadilisha kando ya njia.

Madereva wanaoshusha kabeji, karoti na viazi kutoka Mgeta milimani wanalijua swali hilo kwa gharama kubwa zaidi. Kamani za gari la mzigo ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Yanaposuguana, hula sehemu ya mtikisiko. Mwenye tamaa ya mzigo huongeza bamba, na gari kweli hubeba, halikai chini tena. Lakini mtikisiko haukuondoka, umebadilisha anwani: sasa unapanda kwenye chesisi, kwenye vishikio, kwenye mgongo wa dereva, na ufa wa kwanza huonekana mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Hata Land Rover, gari lililosifiwa kwa ugumu katika barabara za namna hii, ilikuja kuachana na mabamba: toleo la One Ten la mwaka 1983 lilitoka na springi za mviringo, zinazoruhusu gurudumu kupanda na kushuka zaidi. Kilichoonekana kuwa kulegeza kamba kiliwezesha matairi kushika ardhi.

Mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1963 yanaweza kusomwa kwa jicho hilohilo. Mvua na tope vilifanya kazi yake. Magari 84 yalianza, 7 yakamaliza. Walioshinda, Nick Nowicki na Paddy Cliff, walikuwa ndani ya Peugeot 404, gari la familia lililonunuliwa pia na walimu na wafanyabiashara, lenye kamani laini zilizolala vizuri juu ya mashimo. Gari hilo lilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Halikushinda kwa kuwa gumu kama jiwe.

Baada ya kishindo anakuja adui mpole zaidi: vumbi. Magari mengi ya bei ya chini hutoka kiwandani na bushi za plastiki mahali ambapo ekseli inazunguka. Vumbi laini likiingia huchanganyika na grisi na kuwa msasa, na baada ya siku chache tundu la mviringo limekuwa yai. Gurudumu huanza kutikisika, na mtu hudhani tairi limekaa vibaya. Kubadilisha bushi kwa beringi zenye kifuniko cha mpira ndiyo hela iliyotumika vizuri kuliko zote katika gari la namna hii, ingawa haionekani kwa nje na hakuna rafiki atakayeisifia. Ukishafika huko, unatazama pia meno ya pinioni na ya gia kubwa. Yakibanana sana hupata moto, yakiachana sana husagana. Kipimo ni kipande cha karatasi: kinaingizwa kati ya gia mbili, mota inasukumwa mpaka iishike karatasi, skrubu zinakazwa, karatasi inatolewa. Nafasi inayobaki ndiyo sahihi. Hakuna chombo cha maabara kinachohitajika.

Skrubu zenyewe zina adabu yake. Ya chuma ndani ya chuma hupakwa tone la gundi ya kuzuia kulegea, maana mtikisiko huifungua kidogo kidogo kama vidole vya mwizi. Ya chuma ndani ya plastiki haipakwi kabisa, kwani baadhi ya gundi hizo huila plastiki. Na skrubu inaporudishwa kwenye tundu lake la zamani haikazwi moja kwa moja. Huzungushwa kwanza kinyume, taratibu, mpaka isikike "tik" ya kudondokea kwenye njia yake ya awali, ndipo hukazwa. Asiyesubiri tik hiyo huchonga njia mpya juu ya ile ya zamani, na mara ya tatu au ya nne tundu halishiki tena. Ni sekunde mbili za subira, lakini kwazo unamtambua fundi kabla hajasema neno.

Matairi yana kichekesho chao. Mota za kisasa zisizo na brashi zina kasi kiasi kwamba tairi la mpira mwembamba huvimba likizunguka, likawa refu na jembamba kama chapati inayorushwa juu, na gari likaanza kuyumba kwenye kasi. Mashabiki hulivua tairi, hubandika ndani yake utepe mgumu wenye nyuzi kulizunguka pande zote, kisha hulirudisha kwenye rimu. Wengine hutoboa vitundu ili maji ya madimbwi yatoke; na ni kweli yanatoka, lakini masika tope nalo huingia.

Kisha kuna ujuzi usiohitaji bisibisi. Monsta likiwa hewani, magurudumu yake mazito yanazunguka kwa kasi, na ule mzunguko una nguvu yake. Dereva akifunga breki kabla ya kutua, mzunguko huo huhamia kwenye bodi na pua hushuka. Akiongeza mafuta, pua huinuka. Kwa hiyo gari linaloruka limeinamisha kichwa, linaloelekea kutua kwa bampa, laweza kunyanyuliwa angani kwa kidole kimoja, likatua kwa miguu yote minne kama paka. Anayeona mara ya kwanza hudhani ni bahati. Magari makubwa ya mashindano hufanya jambo hilohilo, lakini dereva wake amefungwa mikanda ndani. Wa rimoti amesimama kivulini, amevaa ndala.

Na ndala hizo zinarudisha habari kwenye viatu. Morogoro iliwahi kuwa na kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kuuza sehemu kubwa ya bidhaa zake Ulaya. Kilikuwa na mashine za kisasa, lakini jengo lake lilikuwa na kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, kana kwamba joto la Morogoro halikuulizwa. Hakikuwahi kutumia zaidi ya sehemu ndogo ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ulikoma. Ni alumini tena, iking'aa mahali pasipoitaka. Mtoto aliyekaa barazani akikata lapa hakuwahi kusoma ripoti ya kiwanda hicho, lakini alichagua kitu kinachoendana na jiwe la mtaani kwake.

Kihonda ina pia chuo cha ufundi cha VETA, na ungetamani siku moja kuona gari kama hili mezani karibu na injini iliyokatwa ubavu. Difu la lori haliwezi kuzungushwa na mwanafunzi kwa vidole viwili ili aone gia za ndani zikitembea. La gari dogo linaweza, na likikosewa hasara yake ni ndogo kwa mbali kuliko ya lori.

Iko mbinu moja ya mwisho, na ndiyo inayochekesha majirani. Mikono ya magari haya hutengenezwa kwa nailoni, na nailoni ina tabia ya kunywa maji. Ikiwa kavu kabisa ni ngumu lakini huvunjika kama kijiti. Ikishanywa, huwa nyumbufu, hukunjika na kurudi. Basi mashabiki huichemsha. Sufuria huwekwa kwenye jiko la mkaa, mikono minne mipya hutoswa ndani, huachwa itokote kwa nusu saa hivi, kisha maji hupozwa ikiwa humohumo. Anayepita jikoni atafunua kifuniko akidhani ni viazi, atakuta mifupa myeusi imelala chini ya maji, na kijana aliyechuchumaa kando na bisibisi mkononi atasema haraka, "Shikamoo mama, hiyo si mboga." Mama ataitikia, atakitazama kile kitu tena, kisha atauliza sufuria imetoka wapi. Ni ya zamani, ile iliyovunjika mpini, na kuanzia leo haitarudi kupikiwa wali.